Kabla ya Winchi, Piga Magoti: Maneno kwa Wenye Magari Makuukuu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja asubuhi kwenye uwanja wa gareji, Industrial Area, Nairobi, mbele ya kikundi cha wasafiri wanaojiandaa kwenda Turkana. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa tu ile robo saa ambayo lori la saruji lilituziba mlango na hakuna aliyesikia kitu.

Wenzangu, hamjambo.

Mwenyekiti ameniita mtaalamu. Cheo hicho nakirudisha mapema kabla hakijaniletea kesi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimestaafu, na sijawahi kulipwa hata shilingi kutengeneza gari la mtu. Nilicho nacho ni pickup moja ya Land Cruiser, HZJ75 ya mwaka 1994, yenye ile injini ya 1HZ ya silinda sita isiyo na tabo. Nimeishi nayo miaka kumi na mmoja. Miaka miwili ya mwanzo niliitunza vibaya sana, na ni hiyo miwili niliyokuja kuwasimulia, kwa sababu ile tisa iliyofuata haina hadithi. Gari lilienda, likarudi.

Nilipofika nimeyazunguka magari yenu pale nje. Ni mazuri. Kuna moja lina taa tisa juu ya keria, nimezihesabu. Nikapiga magoti nikachungulia chini ya hilo hilo, nikakuta paipu ya breki ya nyuma imefungwa kwa blada, kile kipande cha tyubu ya zamani. Sitamtaja mwenyewe. Ameshajijua, naona ameweka kikombe cha chai chini.

Ndugu yangu, usione haya. Hapo ulipo mimi nilikuwepo. Nilipolinunua gari langu, mwezi wa kwanza nilinunua hema la juu ya paa. Wa pili nikanunua winchi, ile mashine ya kamba ya kulivuta gari likikwama. Wa tatu nikaweka bulibaa, ile ngao ya chuma ya mbele, ya kubebea winchi, kisha springi ndefu ili liinuke, maana nilikuwa nimeona picha. Mwezi wa nne tukaondoka: Nyahururu, Maralal, tukashuka Baragoi, tukielekea South Horr. Saa nane mchana, jua limesimama, nikaona sindano ya joto inapanda. Nikasimama, nikafungua boneti. Paipu ya hita, kile kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono wangu, kilikuwa kimepasuka na maji yote yamekwisha. Kipande hicho hakifikii bei ya kilo ya nyama choma. Winchi ilikuwa pale mbele inang'aa, na haikuweza kunisaidia kwa lolote.

Tulilala pale. Kesho yake ilipita lori la ng'ombe, dereva akateremka, akaangalia, hakusema neno. Utingo wake akaleta kisu, blada na waya. Wakaikata ile paipu, wakaipitisha maji moja kwa moja bila kwenda kwenye hita, wakafunga. Dakika ishirini. Nilipouliza nilipe nini, yule dereva akaangalia taa zangu, akaangalia hema, akaniambia, "Mama, gari lako limevaa suti lakini halina shati." Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, na ndilo nililowaletea hapa.

Nasema hivi: gari kuukuu lirudishe kwanza lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Kila mpira, kila beringi, kila sili, breki zote. Likisharudi hapo, lipeleke mahali. Ukirudi, ndipo uulize kama linahitaji kuongezwa kitu. Wengi mtagundua mnahitaji vichache mno.

Tuanze na karatasi, tuzipite haraka. Mnajua Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo hizi pickup za miaka ya tisini mnazozitafuta ziko humu humu nchini, zimezeekea mikononi mwetu, na ubaya wake una mashahidi. Omba rekodi ya gari kwenye mtandao wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujatoa hata shilingi. Kisha nenda na tochi, usome namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Angalia na namba ya injini pia, maana magari haya mengi yamebadilishwa injini, na injini isiyoandikishwa ni mzigo unaohamia kwako. Muuzaji akikwambia "hiyo tutarekebisha baadaye," mwambie basi na pesa pia ni baadaye.

Sasa chasisi. Nenda na bisibisi ya zamani na nyundo ndogo. Gonga kando ya chasisi polepole kuanzia mbele hadi nyuma, na usikilize. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti ya mkebe. Sehemu za kuangalia zaidi ni zile zinazoshika springi za nyuma, maana huko ndiko tope linakaa. Ukikuta chasisi yote imepakwa lami mpya nyeusi, inanukia bado, jiulize kwa nini mtu anayeuza gari amepata hamu ya kupamba tumbo lake. Na kama gari limeishi Mombasa, au limekuwa likienda Magadi kwenye magadi yenyewe, gonga mara mbili.

Nitakaa kidogo kwenye ekseli ya mbele, maana hapa ndipo watu wanadanganywa.

Kwenye magari haya ya ekseli nzima, nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalong'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Ndani yake kuna kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata ukiwa umekata usukani hadi mwisho. Kiungo hicho kinaishi ndani ya grisi nyeusi, nzito. Hatua moja ndani zaidi, kwenye bomba la ekseli, kuna oili ya difu, zile gia za ndani ya ekseli, ambayo ni nyepesi. Kinachozitenganisha ni sili moja ya mpira, upana wake kama mdomo wa kikombe. Sili hiyo ikichoka, oili inavuka, inaingia kwenye grisi, na viwili hivyo vinakuwa uji. Uji unatoka nje ya tufe, unateremka upande wa ndani wa gurudumu, unaokota vumbi. Una na harufu yake, ile ya oili ya gia, kama kiberiti kilichochanganywa na vitunguu vilivyooza. Ukishaijua hutaisahau.

Muuzaji naye anaijua. Asubuhi ya kukuonyesha gari atakuwa ameshapangusa tufe kwa petroli, linang'aa. Basi usiliangalie likiwa limesimama pale uwanjani. Omba mkaliendeshe, mfike hata Athi River na kurudi, mliache lipoe, kisha upige magoti. Tufe zima linabaki na utando mwembamba tu wa grisi. Linalovuja litakuwa limeanza kulia tena.

Halafu kuna nati. Ukifungua habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, utakuta nati mbili pana, na washa ya kufungia katikati yake. Nati hizo ndizo zinazokaza beringi za gurudumu, na zinafunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Kwenye Land Cruiser langu, upande wa kulia, nati zote mbili zilikuwa zimetafunwa kingo kama mua. Maana yake fundi aliyetangulia hakuwa na soketi. Alitumia tindo na nyundo. Na mtu anayekaza beringi kwa tindo hajapima kitu, amekisia. Akilegeza mno, gurudumu linayumba na linakula sili. Akikaza mno, beringi inachemka. Mimi mwenyewe nilikuta beringi imegeuka rangi ya buluu kama kisu kilichosahaulika motoni.

Soketi hiyo nilikwenda kuinunua Kirinyaga Road, ambayo sisi wazee bado tunaiita Grogan. Ni kipande kimoja cha chuma, na nawaambia kina faida kuliko taa tisa. Samahani, ndugu yangu, nilisema sitakutaja.

Tukiwa Grogan: nenda na kipande cha zamani mkononi, hata kama kinakuchafua. Usiende na jina la kitu, kwa sababu jina moja lina vitu vitano. Beringi zina namba zilizochongwa ubavuni, ilinganishe namba na namba, usikubali "hii ni sawa tu." Na uulize bei mbili, ya orijino na ya ile nyingine, kwa sauti ya kawaida, bila kujifanya unajua sana. Mimi sili zangu za kwanza nilinunua za bei rahisi dukani kwa mtu fulani, katoni nzuri kabisa yenye maandishi. Wiki sita baadaye uji ulikuwa umerudi, nikafungua ekseli upya, nikanunua grisi upya, nikalipa fundi upya. Hesabu yake mnaiweza.

Ukishafunga ekseli, kumbuka kuifanyisha kazi. Watu wa Nairobi wanafunga habu za mbele, yaani kuzishikisha na ekseli, mara moja kwa mwaka, Desemba, wakifika kwenye tope. Miezi kumi na mmoja sehemu za juu ndani ya ekseli zimekaa bila kupakwa oili. Mara moja kwa mwezi funga habu, acha lile gia la 4x4 kwenye magurudumu mawili, endesha kilomita kumi au kumi na tano. Difu ya mbele itazunguka na kujipaka yenyewe.

Sasa niwe mwalimu dakika tano. Maji.

Hapa tulipo ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria hayangoji nyuzi 100, yanachemka kwenye 94 hivi. Ndiyo maana maharagwe ya Nairobi yanachelewa kuiva kuliko ya Mombasa, na akina mama hapa hawakuhitaji shule kulijua hilo. Sasa injini ya gari inafanya kazi karibu kabisa na joto hilo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko cha redieta. Kinayabana, na maji yaliyobanwa yanachelewa kuchemka kwa zaidi ya nyuzi kumi na tano. Kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliokauka, kinachoruhusu presha itoke, kimekunyang'anya nyuzi zote hizo. Gari halina ugonjwa, lakini linachemka likipanda Kikopey, na fundi anakuuzia redieta mpya. Badilisha kifuniko kwanza. Ukikifungua, kifungue kimepoa. Nimeona mikono iliyoungua, si jambo la mzaha.

Jambo la pili ni thamostati, ule mlango mdogo wa maji unaofunguka kwa joto. Nilipofungua yangu nikakuta nyumba yake tupu. Nikampigia simu fundi aliyekuwa akilitunza gari kabla yangu.

"Fundi, thamostati iko wapi?"

"Mwalimu, ile tulitoa. Kenya ni joto. Hiyo ni ya nchi za theluji."

Mnacheka, lakini nikiuliza nusu yenu mtakuta yenu haipo pia. Na fundi yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameona thamostati zilizokwama zikiua injini, akaamua bora isiwepo. Lakini sikilizeni. Kwenye injini nyingi za aina hii thamostati ina kazi mbili. Inafungua njia kubwa ya kwenda kwenye redieta, na wakati huo huo chini yake inaziba njia ndogo ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haipiti redieta kamwe. Yanazunguka yakiwa ya moto. Kwa hiyo aliyeitoa ili gari lipoe amelipunguzia kupoa, tena mlimani, ambapo kupoa kunahitajika zaidi. Na asubuhi ya baridi Limuru, injini hiyo hiyo inachukua muda mrefu kupata joto, inakunywa dizeli na kutoa moshi. Weka nzima. Ijaribu kwanza jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, uwashe jiko, uitazame ikifunguka. Mume wangu alidhani napika.

Paipu zote za mpira, badilisha kwa pamoja. Zote. Hata ile iliyojificha nyuma ya injini inayokwenda kwenye hita, rafiki yangu wa Baragoi. Na weka kuleni, yale maji maalumu ya redieta, si maji ya bomba.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ ni wa kilomita 100,000. Odomita ya gari la mtu mwingine usiiamini. Ukilinunua tu, badilisha siku hiyo hiyo. Ukikatika, unaweza kupinda vali, na hapo hatuzungumzi tena bei ya mkanda.

Vumbi. Hili watu wa mjini hawalijui mpaka injini iwe imekufa. Ukiwa nyuma ya gari jingine kwenye njia ya vumbi, injini inavuta hewa ambayo ni nusu udongo, na udongo wetu ni mchanga wa kusagia. Chujio likiwa zima lakini kibano cha paipu baada ya chujio kimelegea, injini inanyonya kutoka pale palipolegea. Kipimo ni hiki: baada ya safari, fungua paipu ile baada ya chujio, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, una tundu mahali. Snokeli, zile bomba za hewa zilizopanda hadi juu, mnazoziona mkidhani ni za kuvuka mito, faida yake kubwa kwetu ni kuchota hewa juu ya wingu la vumbi. Nami siwakatazi snokeli, mradi isifungwe kwa silikoni ya bafuni.

Breki nitasema sentensi chache, ila mzishike. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani. Yakishanyonya, yanachemka mapema, na breki inakuwa laini kama sifongo. Yabadilishe kila miaka miwili. Mkishuka mteremko wa Mai Mahiu mna mzigo, tumieni gia ya pili au ya tatu, msilale kwenye kanyagio.

(Hapa kijana mmoja wa mbele aliinua mkono. "Mwalimu, na winchi je? Rhino Charge wote wana winchi.")

Asante, nilikuwa nakungoja wewe. Rhino Charge, yale mashindano ya magari porini, naiheshimu. Ilianza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, na uzio huo wa karibu kilomita 400 ukakamilika 2009; si jambo dogo. Lakini tazama kazi ya yale magari. Yana vituo 13 vya kufikia, yana saa kumi, na anayeshinda ni aliyefika kwa umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo yanapanda mahali ambapo mwenye akili angezunguka, kwa sababu kuzunguka ndiko kushindwa. Jioni yanarudi kambini, mafundi wanayapokea. Wewe unakwenda siku kumi, hakuna anayekupima umbali, na hakuna fundi. Ukifika kwenye korongo, zunguka. Ukilazimika kununua winchi, jifunze kwanza kuitumia: kamba ikikazwa itupie koti au mkeka katikati, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Na usifunge kamba ya kuvutia kwenye lile tufe la chuma la kukokotea trela. Likikatika linaruka kama risasi. Kwa safari yenu mimi ningechukua sepetu, mbao mbili nene, kamba nzuri na gari la pili.

Tukitoka hapo tuingie kwenye uzito, maana winchi ni uzito.

Fanyeni hesabu hii nami. Winchi na bulibaa yake, kilo mia moja hivi. Hema la paa, sitini. Tairi la pili la akiba na rimu yake, arobaini. Mitungi miwili ya dizeli ya lita ishirini, thelathini na nne bila kuhesabu mitungi yenyewe. Maji mitungi minne, themanini. Watu wanne na mabegi yao, mia tatu na hamsini, na hapo nimewapunguzia. Tumefika zaidi ya kilo 650, na bado hatujapakia jiko, vifaa, unga wala mbuzi. Halafu mtu anashangaa kwa nini springi zimekufa na shokabzoba zinavuja oili. Angalieni gari lenu limeandikiwa kubeba kilo ngapi, mlipime siku moja likiwa limepakiwa kamili.

Na mzigo mzito uweke chini, katikati ya ekseli mbili. Keria ni ya magodoro. Kwenye njia iliyoinama upande mmoja, kila kilo iliyo juu ya paa inakuvuta kuelekea bondeni, na nimeona gari limelala ubavu mahali ambapo punda alipita bila kusita.

Springi zangu ndefu niliziuza. Zilikuwa zimeinua gari mpaka shafti ya nyuma ikawa inafanya kazi kwa pembe isiyopendeza, ikanguruma kila nilipofika kilomita themanini. Nilirudisha zile za kawaida, vyuma vilivyopangwa kama vitabu, bushi mpya, nikapiga grisi. Likatulia.

Tairi. Gari langu linavaa 7.50R16, nyembamba, za kizamani. Vijana huniambia hazina sura. Kweli, hazina. Lakini ndizo zinazovaliwa na pickup nyingi za kazi huko juu, na mtu wa pancha wa mji mdogo akiona tairi hilo anajua la kufanya. Kama rimu zenu ni zile za pete, mwenye kujaza upepo asiinamie tairi. Pete ikiruka haichagui kichwa. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 1618 maana yake wiki ya 16 ya mwaka 2018. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado ni mzee, limekauka, linangoja mawe ya Loiyangalani lipasuke.

Upepo unatumika kama gia. Barabara ya lami, psi thelathini na tano. Mawe na yale matuta madogo madogo yanayotetemesha meno, shuka hadi ishirini na sita hivi na upunguze mwendo. Mchanga, kumi na nane. Mtu anapoteza nusu siku akichimba kwenye jangwa la Chalbi wakati kutoa upepo ni dakika kumi. Lakini kompresa yako ifanye kazi, maana utalazimika kuurudisha. Na Chalbi yenyewe, kama mvua imenyesha, usiingie. Juu inaonekana imekauka kama sahani. Chini ni tope lisilo na mwisho. Uliza wenyeji asubuhi hiyo hiyo, habari za juzi hazina kazi.

Umeme sitasema sana. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi, karibu na betri, na mahali unapopita kwenye bati uvishwe mpira. Taa tisa ni sehemu tisa za moto kuanzia.

Mkishayamaliza haya, msikimbilie Turkana. Nendeni Magadi. Mimi kila nikifungua kitu kikubwa, mtihani wake ni barabara hiyo. Unatoka Kiserian, unapita Kona Baridi una sweta, unateremka Olepolos, Olorgesailie, mpaka kwenye joto la ziwa, zaidi ya mita elfu moja chini ya ulikoanzia. Kushuka kunapima breki. Kule chini kunapima sili na beringi: ukisimama, weka kiganja karibu na kila habu. Joto la chapati iliyokaa kidogo ni sawa. Likikuchoma, una kazi. Kurudi ndiko kunapima maji, maana unapanda saa nane mchana, umepakia, gia ya tatu, jua mgongoni. Sindano ikikaa pale pale mpaka Kiserian, gari lako lina shati. Ukifika nyumbani lioshe chini, chumvi ile haina huruma na chuma.

Likishindwa, utakuwa umeshindwa kilomita mia moja kutoka kwa fundi wako, na mtandao wa simu upo. Likifaulu, rudia tena na mzigo wote. Mwaka ule niliolirudisha langu nilikwenda Magadi mara tano. Mara ya pili ilivuja oili ya giaboksi. Ya tatu, oltaneta. Ya nne na ya tano hakuna kitu, na mwezi uliofuata tulipita South Horr saa nane mchana, mahali pale pale. Nilisimama makusudi, nikafungua boneti, nikaitazama paipu ya hita. Abiria wangu wakadhani nimechanganyikiwa.

Nimesema mengi na chai imekwisha. Gari langu liko pale kwenye stendi, chini ya ule mwembe. Asubuhi nimefungua gurudumu la mbele la kulia na habu yake, na sijapangusa kitu. Soketi ya 54 iko juu ya tairi. Upande wa kushoto sijaugusa. Mkono wa kwanza kuinuka ndio utakaoufungua. Mwenye tochi aje nayo, na mwenye nguo nyeupe asimame nyuma.